Saa Zilizozidi Katika Karatasi ya Renata

Kila Ijumaa, kengele ya shule ilipolia saa tisa kasorobo, Renata Sobczak alivaa koti lake zito, akavuta kofia ya sufu hadi masikioni, akashuka Mtaa wa Nne hadi kanisani. Hakupita mlango mkubwa. Alizunguka nyuma, akateremka ngazi zilizomwagiwa chumvi ili watu wasiteleze kwenye barafu, akasukuma mlango wa jiko la chini. Huko alipokewa na joto, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa siagi, na sauti za wanawake wazee kumi na wawili waliokuwa wakiongea wote kwa pamoja.

Wanawake hao walitengeneza pierogi, vitobosha vya Kipolandi vya kuchemsha. Walisukuma unga, wakaukata miduara, wakajaza viazi vilivyopondwa na jibini, wakaukunja nusu mwezi. Masinia yaliyojaa yaliingia kwenye friza, na Jumamosi watu wa mji wao wa Brannock walipanga foleni kununua. Kazi ya Renata ilikuwa kubana kingo kwa vidole ili zisifunguke kwenye maji ya moto.

"Nawa mikono, mwanangu, njoo ukae hapa," Bibi Stasia Mroz alimwambia. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa jiko, mwanamke wa miaka sabini na minane mwenye aproni ya maua. "Na leo usizibane kama unamfinya adui. Pierogi haijakukosea."

"Zikiachia sufuriani mtanilaumu mimi, Bibi."

"Zako ziachie wapi!" mama mmoja alidakia kutoka penye masufuria. "Mume wangu nusura avunjike jino!"

Wote walicheka, na Renata akacheka pamoja nao. Alikuwa na miaka kumi na minne, na katika wiki nzima hapakuwa na mahali alipocheka kama pale. Hata hivyo, jicho lake moja lilikuwa kwenye saa ya ukutani. Ilipofika saa kumi kamili alivua aproni.

"Unaondoka tena?" Bibi Stasia aliuliza.

"Nina mdahalo, Bibi."

Bibi Stasia alisogea penye sufuria. Alichukua pierogi nne za moto, akazifunga kwenye karatasi ya foili, akamtilia mfukoni. "Za njiani. Baridi ni kali."

Karibu na mlango palikuwa na karatasi za saa za kujitolea, moja kwa kila mwanafunzi. Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na saini. Saini zote zilikuwa zimewekwa tangu Oktoba, kabla kazi haijafanywa. Bibi Stasia hakupenda kutafuta miwani kila wiki. "Nawaamini," alisema siku aliyozisaini. "Jazeni wenyewe."

Renata alichukua kalamu. Kuingia: saa tisa. Kutoka: saa kumi na moja na nusu.

Mara ya kwanza mkono wake ulisita. Alijiambia kwamba angebaki kama asingekuwa na mdahalo, kwa hiyo ni kama alibaki. Mara ya pili mkono haukusita sana. Kufikia mwisho wa Januari ulikuwa unaandika bila kufikiri.

Hofu ndiyo iliyompeleka huko. Mwaka uliotangulia, binamu yake Gavin aliomba nafasi katika vyuo vitano, na vyote vitano vikamkataa. Katika chakula cha sikukuu, mjomba mmoja alieleza sababu kwa sauti ya mtu anayejua. "Kijana alikuwa na shughuli moja tu, besiboli! Siku hizi vyuo vinataka mtu mwenye mambo kumi." Gavin aliinamia sahani yake, na Renata akaapa moyoni kwamba yeye hatakuja kuinama hivyo.

Kwa hiyo alipoingia darasa la tisa, siku ya kuchagua vyama, hakujiuliza anapenda nini. Alijiuliza kipi kitapendeza kwenye fomu. Alichagua mdahalo, ingawa hakupenda kuzungumza mbele ya watu. Alichagua jiko la kanisa kwa sababu ni huduma kwa jamii. Kisha akaingia Chama cha Kulinda Nyuki, ambacho kilikuwa na mwenyekiti, wenyeviti wenza wawili, makatibu wawili na mweka hazina. Mwanachama wa kawaida alikuwa mmoja tu, Dwayne Pettis, mpiga tarumbeta kubwa wa bendi ya shule, naye alitoka baada ya mkutano wa kwanza alipogundua kwamba hakuna asali. Renata alikuwa mwenyekiti mwenza. Hakuna hata nyuki mmoja ambaye chama kilikuwa kimemwona.

"Lakini wewe mwenyewe unapenda nini, Reni?" mama yake alimuuliza siku moja akimkaushia nywele.

"Mama, hilo halina nafasi kwenye fomu."

Mama yake alitaka kusema kitu, lakini binti alikuwa ameshanyanyuka.

*

Mwishoni mwa Januari, Mwalimu Prewitt, mshauri wa wanafunzi, alibandika tangazo. Chuo kikuu kimoja cha Pittsburgh kilikuwa na masomo ya kiangazi ya wiki sita, na kila shule ilipewa nafasi moja. Ilisemekana kwamba aliyepitia huko aliingia chuo bila taabu. Wanaotaka walete fomu pamoja na karatasi zao za saa.

Renata aliitaka nafasi hiyo kiasi cha kukosa usingizi. Alipeleka fomu yake siku ya kwanza. Kwenye foleni, mbele yake, alisimama Lorna Burdick.

Lorna na Renata walikuwa marafiki tangu chekechea. Walikuwa wamepeana tetekuwanga, sweta na siri. Lorna alipoweka karatasi yake mezani, Renata aliitupia macho bila kukusudia, kisha akaitazama tena kwa kukusudia.

*Jiko la kanisa, Mtaa wa Nne. Saa arobaini na mbili.*

Jiko la kanisa? Renata alikuwa huko kila Ijumaa. Hakuwahi kumwona Lorna hata mara moja. Na saini haikuwa ya Bibi Stasia. Iliandikwa "D. Yanik" kwa mistari iliyopinda na kurukaruka, kama ya mtu anayeiga mwandiko usio wake. Mama Dolores Yanik! Huyo aliacha kuja jikoni tangu mwaka juzi. Wanawake walisema ameamua kupumzika na kazi.

Renata alirudi darasani, lakini masomo hayakumwingia. Karatasi yake yeye ilikuwa na saa thelathini na tano. Lorna alimzidi kwa saba. Alimzidi kwa saa za uongo!

Ajabu ni kwamba hakukumbuka kabisa zake mwenyewe.

Tangu siku hiyo alianza kumchunguza rafiki yake. Walipokula pamoja, alitazama mikono yake. Mtu wa jikoni huwa na unga kwenye kucha hata akinawa mara tatu. Kucha za Lorna hazikuwa na unga. Lakini ncha za vidole vyake zilikuwa na madoa meusi yaliyoingia kwenye mistari ya ngozi. Wino, Renata aliwaza. Wino wa kuandika saini za watu.

"Mbona vidole vyako viko hivyo?" aliuliza, akijifanya hajali.

Lorna alivificha chini ya meza. "Vipo tu."

"Nasikia nawe unakwenda jikoni kanisani. Unakwenda siku gani?"

"Siku zangu."

"Siku zako zipi?"

"We Reni, umeajiriwa polisi?" Lorna alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. "Kula viazi vyako, vinapoa."

Dwayne, aliyekaa upande wa pili, aliinua uma. "Mimi nikiulizwa nilikuwa wapi Alhamisi, nitasema nilikuwa na tarumbeta. Jirani zangu wote ni mashahidi, na wote wanalia."

Lorna alicheka tena, safari hii kwa dhati. Renata hakucheka. Alikuwa ameona kwamba neno "Alhamisi" lilipotajwa, Lorna aligeuza uso.

Alhamisi hiyo alimsubiri nje ya lango. "Twende kwetu, Mama ameoka keki."

"Leo siwezi. Nina kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi, Reni. Basi." Lorna akaondoka haraka akiwa ameinamisha kichwa kwenye upepo, na kila hatua yake ilionekana kwa Renata kuwa hatua ya mwizi.

Kila kitu sasa kilikuwa ushahidi. Lorna akinyamaza, alikuwa anaficha. Akiongea, alikuwa anakwepa mada. Alipompa Renata nusu ya chungwa lake, kama alivyofanya maisha yao yote, Renata aliwaza: ananihonga.

Jambo moja hakulifanya. Hakumuuliza Bibi Stasia, ambaye alikaa naye meza moja kila Ijumaa na ambaye angemjibu kwa sentensi moja. Pengine moyo uliojaa shaka hautaki kujibiwa.

Jumanne alibisha mlango wa Mwalimu Prewitt.

"Mwalimu, sitaki kumsema mtu," alianza, kisha akamsema. Alieleza habari za Ijumaa, saini iliyopinda, Mama Yanik asiyefika jikoni, na wino vidoleni.

Mwalimu Prewitt alisikiliza bila kumkatiza. Alichukua kalamu, akaandika mstari mmoja. "Hili ni jambo zito, Renata. Asante kwa kunieleza. Ijumaa nitakwenda mwenyewe jikoni nikazungumze na Bibi Mroz."

"Kuhusu Lorna?"

"Kuhusu karatasi zote za jiko lile. Nikikagua moja, lazima nikague zote. Ndiyo haki."

Renata alitoka nje. Korido ilikuwa na joto, lakini alijifunga koti hadi shingoni. Zote. Alikumbuka karatasi yake kwa mara ya kwanza tangu siku ya foleni, na mistari kumi na minne iliyosema saa kumi na moja na nusu.

Hata hivyo alijituliza. Nani angejua? Saini zilikuwa za kweli. Wale wazee hawakutazama saa walipokuwa wakiongea.

*

Ijumaa ile aliwaambia wenzake wa mdahalo kwamba hatafika, akaenda jikoni. Alikaa kwenye nafasi yake, akabana kingo, na vidole vyake vikatoboa pierogi tatu.

"Leo mkono wako unawaza nini?" Bibi Stasia alimuuliza kwa upole. Renata akachukua duara jingine.

Saa tisa na nusu Mwalimu Prewitt aliteremka ngazi. Wanawake walimpokea kwa kelele, wakamvua koti, wakamkalisha, wakamwekea sahani ya pierogi kabla hajataja shida yake. Alipoitaja, wanawake waliacha kukunja unga. Alizungumza kwa heshima. Hakusema nani alileta habari. Alisema tu kwamba kuna karatasi ya mwanafunzi Lorna Burdick yenye saini ya Dolores Yanik, naye angependa kujua kama ni ya kweli.

Bibi Stasia alifuta mikono kwenye aproni. "Mimi najua jibu, Mwalimu, lakini jibu si langu. Ngoja nimpigie simu mwenyewe. Anaishi hapo ng'ambo ya barabara."

Baada ya dakika kumi mlango ulifunguka. Mama Yanik aliingia polepole, mikono ndani ya mifuko ya koti. Wanawake wote walisimama.

"Dolores! Miaka miwili! Tulidhani umetutupa!"

"Kaeni, kaeni." Aliwatazama mmoja mmoja, akavuta pumzi, akatoa mikono mifukoni. Ilikuwa inatetemeka, kama majani kwenye tawi. "Basi. Mmeiona. Hii ndiyo sababu siji Ijumaa. Mimi niliyekuwa nabana mia mbili kwa saa, sasa siwezi kushika hata kijiko bila kumwaga. Niliona haya."

Alivutiwa kiti, akaketi, akaendelea.

"Stasia peke yake ndiye aliyejua. Akanipa ufunguo, nije Alhamisi kuandaa viazi, jiko likiwa tupu. Siku moja yule mtoto, Lorna, alinikuta nimemwaga ndoo nzima hapo kwenye ngazi. Aliokota viazi vyote, akaingia navyo, akashika kisu akaanza kumenya. Tangu hapo kila Alhamisi anakuja. Anamenya na kukata, mimi naosha. Kwa muda wa saa tatu kila mara. Nilimwomba asimwambie mtu, maana akisema yeye anafanya nini huku, watu watauliza mimi nafanya nini. Hakusema. Saini ni yangu, Mwalimu. Kama imepinda, ni kwa sababu mkono wangu ndivyo unavyoandika."

Mama mmoja alianza kulia waziwazi. Mwingine alimfuata Mama Yanik akaishika ile mikono miwili akaibusu.

Renata alikuwa akitazama meza. Viazi. Juisi ya viazi vibichi huacha vidole vyeusi, hata mtoto mdogo wa Brannock anajua. Yeye alijua pia. Lakini alipotazama vidole vya rafiki yake aliona wino, kwa sababu wino ndio aliokuwa akiutafuta.

"Nimeridhika kabisa," Mwalimu Prewitt alisema, akiweka karatasi ya Lorna kando. "Zimebaki karatasi nyingine. Bibi Mroz, samahani, hizi naona zilisainiwa zote siku moja. Unajuaje nani alifanya kazi hadi saa ngapi?"

"Ah, hizo!" Bibi Stasia alipunga mkono. "Mimi sihitaji karatasi. Njoo nikuonyeshe."

Alifungua friza kubwa. Jumamosi iliyopita theluji ilizuia wateja, na mifuko ya Ijumaa iliyopita ilikuwa bado imejaa, kila mmoja na namba yake kwa mpangilio wa masinia. Alitoa mfuko wa kwanza, akamwaga pierogi chache juu ya meza. Ziligonga mbao kama kokoto.

"Tazama kingo. Hii yenye mikunjo midogo midogo ni ya Frances. Hii iliyosokotwa kama kamba ni yangu, ndivyo alivyonifundisha mama. Hii yenye alama tatu za kina za kidole gumba ni ya Reni. Kila mkono una mtindo wake. Miaka hamsini sijawahi kukosea."

"Hata mimi nitaweza," mwalimu alisema akitabasamu.

"Mfuko wa pili, Reni yumo. Wa tatu, yumo. Wa nne, yumo…" Bibi Stasia alitoa mfuko wa tano, akautazama ukiwa bado mkononi. Kisha wa sita. Akageuka. Alimtazama Renata, na Renata alimtazama yeye.

Kulikuwa na mifuko kumi. Mikono ya Renata iliishia kwenye wa nne.

Bibi Stasia alirudisha mfuko ndani, akafunga friza taratibu. "Baridi inaniingia mifupani. Mwalimu, kwanza chai. Reni, njoo unisaidie kubeba vikombe."

Ndani ya stoo, kati ya magunia ya unga, hakugomba. Alimshika Renata bega kwa mkono wenye unga.

"Nilikuwa nakuona ukiondoka saa kumi, mwanangu. Sikujua uliandika nini, kwa sababu sikutazama. Sasa yule mwalimu ana karatasi mkononi na ana macho mazuri kuliko yangu. Nimekupatia dakika mbili za chai. Naona vibaya kukusema mbele ya watu. Ni bora useme wewe."

"Bibi, nitaikosa ile nafasi," Renata alinong'ona. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Ndiyo. Nadhani utaikosa."

Hakumdanganya, na hakumwachia bega. Renata alibeba vikombe vinne, akaviweka mezani. Alibaki amesimama.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwenye mdahalo. "Mimi ndiye mwenye karatasi ya uongo. Kila Ijumaa naondoka saa kumi. Naandika kumi na moja na nusu. Mara zote kumi na nne." Alimgeukia Mama Yanik. "Na mimi ndiye niliyemshtaki Lorna."

Bibi Stasia alizima moto chini ya sufuria.

"Kwa nini, Renata?" Mwalimu Prewitt aliuliza.

"Niliogopa kuwa na vitu vichache."

Mwalimu alichukua karatasi yake, akaitazama, akaikunja. "Fomu yako nitaiondoa mwaka huu. Saa zako zitaandikwa kumi na nne. Hizo umezifanyia kazi, hakuna atakayekunyang'anya."

"Na mimi uniandike kosa langu," Bibi Stasia alisema. "Nilisaini karatasi tupu kwa uvivu wa kutafuta miwani. Nilidhani ni kuwaamini watoto. Kumbe niliwaacha peke yao na jambo gumu."

Mama Yanik alikuwa akimtazama Renata. "Lorna anajua kwamba umemshtaki?"

"Bado, Mama."

"Basi utamwambia wewe. Na umwambie siri yangu imekwisha, asijibane tena."

*

Jumatatu asubuhi Renata alimkuta Lorna kwenye makabati ya korido. Alimweleza yote, bila kupunguza. Uso wa Lorna ulibadilika rangi.

"Ulidhani nimeghushi saini? Mimi?"

"Ndiyo."

"Miaka kumi, Reni. Hukuweza kuniuliza?"

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza kama polisi! Hukuniuliza kama rafiki."

Ilikuwa kweli. Lorna alifunga kabati lake kwa kishindo akaenda darasani. Wiki hiyo Renata alikula peke yake. Dwayne alimhurumia, akaja kukaa naye siku mbili akimsimulia habari za tarumbeta, jambo ambalo lilikuwa wema na adhabu kwa wakati mmoja.

Ni Dwayne aliyepata nafasi ya Pittsburgh. Kwenye fomu yake palikuwa na shughuli moja: tarumbeta, miaka minne, kila siku.

"Lakini Gavin naye alikuwa na moja tu!" Renata alimwambia mama yake jioni hiyo, akiwa na hasira kidogo.

"Gavin?" Mama yake aliweka chini sahani aliyokuwa akiifuta. "Mwanangu, Gavin alipeleka maombi siku nne baada ya muda kupita. Mjomba wako aliona aibu kusema. Umeogopa jambo hilo mwaka mzima?"

Renata aliketi. Kisha akaanza kucheka na kulia pamoja, na mama yake akamkumbatia hadi ikaisha.

Aliandika barua mbili fupi. Moja ilikwenda kwenye chama cha mdahalo, nyingine kwa Chama cha Kulinda Nyuki, ambacho kilimpoteza mwenyekiti mwenza na kumpata mwingine siku hiyo hiyo. Ijumaa alibaki jikoni mpaka sinia la mwisho lilipoingia kwenye friza. Bibi Stasia alivaa miwani, akatazama saa ya ukutani, akasaini mstari mmoja tu.

Alhamisi iliyofuata Renata alisimama mlangoni mwa jiko. Ndani alikuwapo Lorna na ndoo ya viazi, Mama Yanik kwenye sinki, na Bibi Stasia aliyekuja kuleta chumvi.

"Naweza kusaidia?" aliuliza. "Lorna akikubali."

Lorna aliendelea kumenya. Bibi Stasia alimwita Renata karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu, na wewe Lorna usikie. Mtu akianza kujiongezea kidogo hapa na kidogo pale, macho yake huharibika kabla ya karatasi. Anaanza kuona kila mtu anafanya kama yeye. Wewe ulimtazama rafiki yako wiki mbili nzima. Ukaona wino, ukaona hongo, ukaona saini ya uongo. Hukuona msichana anayemsaidia mzee, na ndicho kitu pekee kilichokuwapo. Kwa hiyo chagua kazi ambayo ungeifanya hata kama hakuna mtu wa kukuandikia. Ifanye mpaka mwisho wake, uandike ulichokifanya. Vyuo vitasoma vitakachosoma. Wewe utaweza kuwatazama watu bila kuwahofia."

Renata aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka, na pua yake ilikuwa nyekundu.

"Bibi," Lorna alisema bila kuinua uso, "akimaliza kulia mwambie viazi havijimenyi."

Mama Yanik alicheka hadi maji ya sinki yakamrukia. Lorna alisogea mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akasukuma kuelekea hapo ndoo ya vile viazi vidogo vidogo ambavyo hakuna anayependa kuvimenya. Renata alichukua kisu, akaketi.